Jinsi ya kutengeneza maandishi ya chuma kinachong'aa kwenye GIMP: kromu, dhahabu na shaba

Kabla hujawasha kompyuta nenda jikoni kachukue kijiko cha stenlesi, kile kinachong'aa sio cha alumini, simama nacho karibu na dirisha ukigeuze uangalie mgongo wake. Angalia taratibu. Hapo kijivu ni kidogo sana. Kuna kipande cheupe kabisa, hilo ndio dirisha limebanwa likawa dogo, pembeni yake kuna weusi wa ukuta usiopata mwanga, kuna kadoa ka rangi ya ngozi ambayo ni vidole na uso wako, na pale weupe unapokutana na weusi mpaka ni mkali kama umekatwa na wembe. Sasa sogea mpaka karibu na kitu chekundu, kanga iliyoanikwa au ndoo, uone kijiko nacho kinavyokuwa na wekundu. Chuma kilichosuguliwa kinaonyesha majirani zake tu. Ukigeuza upande wa ndani unajiona kichwa chini miguu juu, mana ule mbonyeo unapindua picha, nayo hiyo ikumbuke tutaihitaji baadae.

Nimeanza na kijiko kwasababu kazi nyingi za "dhahabu" na "silva" ninazoziona kwenye kadi za michango, posta za tamasha na logo za saluni zina kosa moja lile lile. Mtu anachukua njano au kijivu, anaweka gradienti laini kutoka kweupe kwenda kweusi, anaongeza beveli, yaani ukingo ulioinuliwa, anaweka kivuli, basi. Inatoka kama plastiki, kama bomba la maji lililopakwa rangi. Na sababu ni ule ulaini wenyewe, mwanga unaobadilika polepole kutoka mwangavu kwenda giza ndio jicho linausoma kama kitu kisichong'aa, chaki, udongo, plastiki ya mati. Kung'aa kunatokana na weupe na weusi kukaa jirani kabisa bila kupeana nafasi. Ukielewa hilo hata filta zikibadilika majina kesho kazi utaiweza.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, mana ni ya bure na inakubali hata kwenye laptopu ya zamani, hatua hizi ni za toleo 2.10 na kwenye 3.0 lililotoka 2025 vitu vingi viko pale pale. Wanaotumia programu nyingine, Photoshop na Photopea, nitawagusia chini.

Fungua faili mpya ya pikseli 2000 kwa 1000. Alafu kitu cha kwanza kabisa, nenda menyu ya Imeji kwenye Prisisheni uibadilishe kutoka biti 8 kwenda biti 16. Watu wanairuka hii kisha wanashangaa kwanini beveli yao ina vingazi vingazi kama mtaro wa shamba la mlimani. Biti 8 ina hatua 256 tu za mwangaza kutoka weusi hadi weupe, na sisi hapa tutazivuta na kuzikunja sana, kwahiyo zikiwa chache zinaonekana moja moja. Biti 16 zinakuwa zaidi ya 65,000, hapo una nafasi ya kutosha.

Paka usuli wote weusi. Andika neno lako kwa rangi nyeupe, mi nitatumia KARIBU, fonti iwe nene yenye umbo wazi, saizi kama 400. Fonti nyembamba za mwandiko wa kadi za harusi usianze nazo, chuma kinahitaji uso wa kuakisia na herufi ya unene wa pikseli kumi haina uso, ina ukingo tu. Ukimaliza bonyeza kulia kwenye leya (tabaka) ya maandishi, chagua ile ya kufanya leya iwe sawa na saizi ya picha, kisha bonyeza kulia tena uchague Alfa kwenda Seleksheni, herufi zitazungukwa na vile vimchwa vinavyotembea. Nenda menyu ya Selekti uihifadhi hiyo seleksheni kwenye chaneli, tutairudia mara nyingi.

Sasa tunatengeneza umbo. Tengeneza leya mpya kutokana na kinachoonekana, yaani maandishi meupe juu ya weusi vikiwa kitu kimoja, uipe jina "urefu". Hii leya haitaonekana kwenye kazi ya mwisho, ni kama ramani ya milima, kweupe ni juu na kweusi ni bondeni. Hakikisha seleksheni ya herufi bado ipo alafu weka filta ya ukungu ya Gausiani ukubwa 24, rudia kwa 12, rudia kwa 6, malizia na 3. Usiondoe seleksheni katikati. Kwa kuwa seleksheni ipo, ukungu unafanya kazi ndani ya herufi tu lakini unavuta weusi wa nje kuingia pembezoni, kwahiyo kila ukirudia mteremko wa ukingo unakaa vizuri, mwinuko pembeni na bapa kidogo katikati, kama sabuni ya mche iliyotumika siku mbili tatu. Ukipiga ukungu mmoja tu wa 24 utapata kitu kama mto uliojaa pamba, nao una matumizi yake ila sio leo.

Ondoa seleksheni, tengeneza leya nyingine ijae kijivu cha katikati, namba yake ya rangi ni 808080, iite "chuma". Ukiwa juu yake nenda kwenye filta, kundi la Mapu, chagua Bampu Mapu, yaani ramani ya matuta. Kwenye sehemu ya kuchagua chanzo weka ile leya ya "urefu". Azimuthi iache 135, maana yake mwanga unatoka juu kushoto, elevesheni, yaani mwanga uko juu kiasi gani, shusha mpaka 30 hivi, kina anza na 25 kisha vuta taratibu huku ukiangalia. Kijivu chako kitageuka herufi zilizoinuka, upande mmoja mwangavu upande mwingine kivuli. Itaonekana kama sementi. Ni sawa, tunataka sementi kwa sasa.

Hapo wengi wanaharakisha kwenda kwenye rangi. Subiri. Uso wa mbele wa herufi bado ni kijivu kitupu cha aina moja na chuma hakiwezi kuwa hivyo, lazima kione kitu. Tunakipa mazingira. Tengeneza leya juu ya "chuma", vuta gradienti wima, juu kijivu chepesi kikizidi kuwa cheupe mpaka kufika katikati ya herufi, hapo katikati kikatike ghafla kuwa cheusi, alafu kianze kupanda tena kuelekea kijivu cha wastani chini. Ule mkato wa katikati ndio upeo wa macho, mahali mbingu inapokutana na ardhi. Wachoraji wa eabrashi wa miaka ya 1980 kule Marekani na Uingereza walikuwa wanachora kromu kwa njia hii, juu bluu inayofifia kuwa nyeupe, mstari mweusi, chini kahawia ya jangwa, na mpaka leo jicho la mtu yoyote likiona mpangilio huo linasema kromu hata kama hajui kwanini. Gradienti yako usiiache imenyooka kama rula, tumia Wapu au filta ya Mawimbi uipinde kidogo, mana ardhi ikiakisiwa kwenye kitu chenye mbinuko haiwezi kubaki imenyooka. Weka modi ya leya, yaani jinsi inavyochanganyika na ya chini yake, iwe Ovalei, opasiti (uzito wa kuonekana) 40 mpaka 60, kisha iunganishe chini na "chuma".

Na hii ndio hatua yenyewe, ningekuwa na nafasi ya kufundisha kitu kimoja tu ningefundisha hiki. Fungua Kevu kwenye menyu ya Kalaz. Kuna mstari uliolala mshazari kutoka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia. Kawaida watu wanaukunja kidogo kama herufi S kuongeza kontrasti. Sisi tunautengeneza milima. Shika mstari karibu na robo ya kwanza uupandishe juu sana, kabla kidogo ya kufika nusu ushushe mpaka karibu na sakafu, ukivuka nusu upandishe mpaka dari, kwenye robo tatu ushushe nusu, na mwisho uache ubaki juu. Mstari utakuwa kama safari ya mlima na bonde. Angalia picha yako wakati unaburuta, mana sementi itageuka chuma mbele ya macho yako, na kila ukisogeza nukta moja mistari ya mng'ao inatembea juu ya herufi kama vile unaizungusha mkononi.

Kwanini inafanya kazi? Kwenye sementi mteremko wa ukingo una mwangaza unaopanda polepole, kijivu giza mpaka kijivu chepesi. Kevu ya milima inachukua huo mpando mmoja inaugeuza kuwa mweupe, mweusi, mweupe, kijivu, mweupe, ndani ya nafasi ile ile ndogo. Yaani ni kile kile cha kijiko, dirisha, ukuta, dirisha, uso, vikiwa vimebanwa kwenye ukingo. Usijaribu kukopi namba za mtu hapa. Fonti yako, kina chako na gradienti yako ni tofauti na zangu, buruta mpaka uone chuma. Mi huwa natumia dakika kumi mpaka robo saa kwenye dirisha hili peke yake na sioni kama nimepoteza muda.

Kosa la hapa ni kuzidisha vilima. Vikifika vitano sita herufi zinakuwa kama mafuta ya petroli juu ya dimbwi, zinameta lakini husomi neno. Viwili vikubwa na kimoja kidogo vinatosha. Ukiona mistari imechakaa au ina punje punje, rudi nyuma upige ukungu mdogo wa Gausiani wa 2 kwenye sementi kabla ya Kevu.

Sasa kata. Rudisha seleksheni kutoka kwenye chaneli, ipunguze kwa pikseli 1 kwa ile amri ya Shrinki, igeuze iwe ya nje, kisha futa. Hakikisha leya ina alfa, ile chaneli ya uwazi, la sivyo itafuta kwa kupaka rangi badala ya kuacha uwazi. Ile pikseli moja inaondoa ukingo mchafu wa kijivu uliobaki kutoka kwenye ukungu, ni kitu kidogo lakini bila hivyo herufi zinaonekana zimekatwa na mkasi butu.

Ukiishia hapa una kromu. Iache hivyo hivyo au itie ubaridi kidogo, kwenye Kala Balansi sogeza sehemu za giza kuelekea bluu kidogo sana, silva na kromu zikiwa kijivu safi cha kompyuta zinaonekana zimekufa.

Kwa dhahabu usitumie Kalaraizi. Najua ni haraka, inapaka njano moja kila mahali, lakini inakupa haradali. Dhahabu halisi inanyonya mwanga wa bluu na kurudisha nyekundu na njano, kwahiyo inapaka rangi yake kwenye kila inachoakisi, na hapo ndipo inapotofautiana na plastiki ya njano, plastiki hata iwe njano vipi doa lake la mng'ao ni jeupe, la dhahabu ni la njano mbivu, na linakuwa jeupe pale tu mwanga unapozidi kabisa. Vilevile giza la dhahabu sio jeusi wala njano chafu, ni kahawia inayokwenda kwenye nyekundu. Kwahiyo tunatumia Gradienti Mapu, inachukua kila kiwango cha mwangaza inakipa rangi yake. Kwenye dirisha la gradienti tengeneza mpya, bonyeza kulia uigawe vipande vinne, kisha kwenye mipaka kuanzia kushoto weka namba za rangi 2E1503, 8A5310, D39B2A, F7D56E, na mwisho kulia FFF9DD. Ichague, rudi kwenye leya ya "chuma", menyu ya Kalaz, kundi la Mapu, Gradienti Mapu. Ukiona ni kijani kijani kidogo basi kahawia yako imekosa nyekundu, ongeza.

Shaba nyekundu ni hivyo hivyo kwa rangi 2A0E06, 7A3418, C9764B, F4B994, FFF2E8. Nzuri ni kwamba ile kazi ngumu ya umbo na Kevu umeshafanya mara moja, unaeza kudupliketi leya ukawa na kromu, dhahabu na shaba kwa dakika mbili na mteja akachagua.

Kuna chuma kingine ambacho hakitaki kioo, kile cha mistari, cha mlango wa friji au lifti. Hicho ni rahisi zaidi. Leya ya kijivu, filta ya Noizi ya RGB, ondoa tiki kwenye ile ya kila rangi kivyake ili punje ziwe kijivu tupu zisiwe za rangi rangi, kisha ukungu wa Mosheni wa mstari, pembe 0, urefu 80 au zaidi. Pande za kushoto na kulia zitatoka na michirizi mibaya kwahiyo anza na turubai pana kuliko unayohitaji ukate baadae. Juu yake weka gradienti pana ya weupe na kijivu kwa modi ya Ovalei. Na kwa vitu vya duara, kitufe, saa, kitako cha sufuria, badala ya Mosheni ya mstari tumia ile ya kuzunguka, alafu mwanga wake uwe gradienti ya koni. Chukua sufuria mpya geuza uangalie kitako, mwanga umekaa kama mapembe mawili yanayotoka katikati kama feni, ukizungusha sufuria mapembe yanabaki pale pale yanaangalia dirisha. Bila hayo mapembe duara lako litakuwa na michirizi mizuri lakini halitakuwa na chuma.

Wa Photoshop, na Photopea ambayo inafunguka kwenye brauza bila kulipa, njia ya haraka iko kwenye mitindo ya leya. Beveli na Embosi, teknik iwe Chizeli ngumu, na penye Glosi Kontua chagua ile yenye umbo la pete mbili badala ya mstari ulionyooka. Ile Glosi Kontua ndio Kevu yetu ya milima ikiwa imefungashwa, watu wanaiacha kama ilivyo wakati utamu wote umo humo. Ongeza Gradienti Ovalei yenye mkato wa upeo wa macho, na Satini kwa opasiti ndogo.

Umalizie sasa. Rudi kwenye kijiko, kumbuka kinaonyesha kilichokizunguka. Kama maandishi yako yanakaa juu ya picha ya maua mekundu, chuma bila chembe ya wekundu kitaonekana kimebandikwa. Dupliketi picha ya usuli, igeuze kichwa chini, itie ukungu wa 30, ikatie ndani ya herufi kwa maski, modi Ovalei au Softi Laiti, opasiti 20 hivi. Hii hatua haichukui dakika tatu na ndio inayofanya mtu aulize umepigaje hiyo picha. Kivuli weka viwili, kimoja kidogo kikali cheusi kinachogusa herufi pale zinapokaa, kingine kipana chepesi kimesogea kulia chini, mana mwanga wetu unatoka juu kushoto. Vile vinyota vya kumeta weka kimoja au viwili, kwenye kona ambazo tayari ni nyeupe, na hapana, usiweke kwenye kila herufi.

La kuchapisha nalo ni muhimu kwa wanaofanya kadi. Kwenye skrini dhahabu yako inang'aa kwasababu skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Printa ya kawaida ya wino nne haina wino wa dhahabu, itachanganya njano na majenta (wekundu wa wino) na weusi, na ile njano ya F7D56E inapoa. Nilishawahi kupeleka kadi za sendofu za watu, kwenye laptopu zinawaka, zikarudi zina rangi ya chai ya maziwa iliyokaa, na bibi harusi alikuwa ameshaona ile ya kwenye simu. Tangu hapo kabla ya kupokea hela namwambia mteja, dhahabu ya picha itatoka kahawia yenye mwanga, na kama anataka imete kwa kugeuza kadi mkononi basi ni foili, utando mwembamba wa kung'aa, inagandishwa kwa joto, ina bei yake, na faili ya foili inataka umbo tupu la rangi moja bila gradienti wala kivuli. Kama ni lazima wino wa kawaida, ongeza kontrasti kuliko unavyopenda, usuli uwe wa giza, maruni au kijani iliyoiva, na chapisha moja ya kujaribu kabla ya mia mbili.

Kama kadi inatumwa WhatsApp tu, rudisha biti 8, eksipoti PNG, upana 1080 kwa mfano, na uifungue kwenye simu yenyewe uishike mbali kidogo na uso. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, ile michirizi midogo ya chuma cha friji inageuka matope na kwenye gradienti ndefu mistari mistari inatokea, kwahiyo itume kama dokumenti, na faili yako ya XCF, ile ya GIMP yenyewe yenye leya zote, ihifadhi, mana ile siku umeshamaliza ndio kamati inakumbuka jina la bwana harusi limekosewa herufi.